Binti yangu jicho moja halioni na nimeambiwa "ubongo umeshafunga". Kuna ukweli hapo?

mzee_wa_nkuhungu:
Wakuu habari za jioni, naomba mawazo maana hapa kichwa kimejaa. Niko Dodoma, Nkuhungu, nina binti wa miaka 9 yuko darasa la tatu. Mwezi uliopita walikuja watu shuleni kwao kupima macho, wakamfunika jicho la kushoto wakamwambia asome ule ubao wa herufi E zilizogeuzwageuzwa, mtoto akagota mstari wa kwanza. Mwalimu kanipigia nikaona utani, kwa sababu huyu mtoto ndo ananisomea meseji nikiwa naendesha, ndo anaokota sindano ya mama yake chini, hajawahi kulalamika hata siku moja. Nikamjaribu nyumbani na kalenda ya ukutani, kweli, jicho la kulia hamna kitu, na mwenyewe anashangaa kunizidi, anasema alijua watu wote wako hivyo, jicho moja la kuonea na jingine la akiba 😅

Tukaenda hospitali. Kulia 6/60 bila miwani (yaani anachokiona yeye akiwa mita 6, mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60), wakamwandikia miwani, lensi ya kulia +5.00 nene hiyo, ya kushoto +0.75. Akivaa, kulia anafika 6/24 basi, kushoto 6/6. Nikauliza mbona na miwani bado haoni, jamaa aliyekuwepo akasema jicho halina ugonjwa wowote ila ubongo haukujifunza kulitumia, na kwa umri huu ubongo umeshafunga, ningemleta akiwa na miaka 4 sawa, sa hizi avae tu miwani maisha yaendelee. Dakika 5 tuko nje.

Sasa wiki hii shemeji kanirushia kiklipu WhatsApp, kuna mtu anasema ubongo haufungi, unajijenga upya mpaka unazeeka, na anauza programu ya simu ya kufundisha macho, laki tatu na nusu, eti miwani utaitupa mwenyewe na hata vipofu wameona. Swali langu la kwanza ni hilo, nani mkweli kati ya hawa wawili?

La pili ni la mdogo wangu. Ana miaka 34, alipata surua akiwa na miaka 3, tulikuwa Mpwapwa kijijini, macho yote mawili yakabaki na ukungu mweupe mbele, anaona mwanga na kivuli cha mtu akipita, basi. Nilikuwa nacheza kile kiklipu naye yupo pembeni, akaniambia "kaka, niulizie na mimi". Sikumjibu. Ndo maana niko hapa saa hizi.


chapati_ya_jana:
Laki tatu na nusu hiyo si mbuzi watatu kabisa wa mnadani? Mwambie muuzaji atupe miwani yake kwanza halafu avuke barabara ya Iringa saa kumi na mbili jioni ndo tuongee biashara


nesi_wa_kliniki:
Mkuu pole, na usilale na hilo neno "umeshafunga".

Mimi ni nesi wa macho, miaka 11 kwenye kliniki. Hicho anacho binti yako tunaita jicho vivu, jina baya kweli kwa sababu jicho halina uvivu wowote. Mtoto akizaliwa na namba kubwa ya miwani macho yote mawili mtamjua mapema, atajikwaa, atasogeza daftari mpaka puani. Akiwa na namba kubwa jicho moja hamjui mtu, wala yeye mwenyewe hajui, la pili linambeba. Ubongo wake unaletewa picha mbili, moja kali moja imetiwa ukungu, ile ya ukungu inamsumbua, basi anaizima kama unavyoizima redio ya jirani kichwani mwako ili ulale. Ukiizima miaka 9 hata leo jirani akipunguza sauti na kucheza kitu kizuri huisikii tena. Miwani imeleta picha kali lakini anayepaswa kuipokea hajazoea kupokea.

Habari ya kufunga haikutoka hewani lakini. Miaka ya 60 kule Marekani Hubel na Wiesel walishona kope za jicho moja la watoto wa paka, walipolifungua baadaye jicho lilikuwa zima kabisa ila seli za ubongo zilizotakiwa kulihudumia zilikuwa zimehamia kwa jicho la pili. Paka mkubwa ukimfanyia hivyo hapati shida hiyo. Wakapewa Nobel 1981. Ndo watu wa macho wote tukakaririshwa kwamba kuna umri, baada ya miaka 6 au 7 usijisumbue.

Sasa 2005 yakatoka matokeo Marekani hukohuko, watoto 507 wa miaka 7 hadi 17 wenye jicho vivu. Wote walipewa miwani sahihi, nusu yao wakaongezewa kufunikwa jicho lile zuri kila siku, na wale wadogo wakawekewa na matone ya atropini, yale ya kulitia ukungu jicho zuri. Kundi la miaka 7 hadi 12, waliofunikwa 53 kwa kila 100 waliongeza mistari miwili au zaidi ya kusoma kwenye ubao, wa miwani peke yake 25 kwa 100. Wa miaka 13 hadi 17 ilikuwa karibu sare, isipokuwa wale ambao hawakuwahi kutibiwa kabisa huko nyuma, hapo waliofunikwa walikuwa 47 kwa 100, wa miwani peke yake 20. Binti yako ana 9 na hajawahi kutibiwa. Umechelewa kweli, sitakudanganya, angekuwa 4 ingekuwa rahisi zaidi, ila mlango haujafungwa, umerudishiwa tu.

Kwahiyo rudi hospitali, ikiwezekana nyingine, uliza daktari wa macho ya watoto. Usianze kumfunika mwenyewe leo usiku, nakujua mzazi ukisoma hapa utakimbilia plasta. Kwanza miwani, muda wote, kuanzia anapoamka, kwa wiki kadhaa. Kuna watoto miwani peke yake inawasogeza mistari miwili bila kufunika chochote. Halafu wanapima tena ndo wanaamua masaa ya kufunika. Na masaa mengi siyo lazima, kulishafanyika utafiti 2003 kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye jicho vivu la wastani, masaa 2 kwa siku yalitoa matokeo sawa na masaa 6. Lazima arudi kupimwa maana ukifunika kupita kiasi lile jicho zuri nalo linaweza kushuka, nimeliona hilo kwa macho yangu, mama alifunika siku nzima miezi mitatu kwa kumpenda mtoto.

Hiyo programu ya simu sasa. Mazoezi ya kwenye skrini yapo, siyo uongo wote. Kuna ya mistari ya kijivu iliyofifia unaitafuta ukiwa na jicho lile dhaifu, 2004 Polat na wenzake walionyesha hata watu wazima wenye jicho vivu walisogea kusoma ubao. Ila walifanya vipindi vingi, chini ya usimamizi, na hawakutupa miwani. Fikiria mwenyewe, jicho la +5.00 bila lensi linapeleka ukungu, ubongo utajifunza nini kwenye ukungu? Anayekuuzia zoezi na kukwambia tupa miwani amekuuzia gari akachukua matairi.


mzee_wa_nkuhungu:
Dada nesi Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili nimempa na mama yake asome. Na mdogo wangu je?


nesi_wa_kliniki:
Kwake ni tofauti kabisa. Surua ile ya zamani, na mtoto akiwa na upungufu wa vitamini A, inakwangua kioo cha mbele cha jicho, konea, inabaki kovu. Halafu bibi anaongezea dawa ya majani ndo inamalizia. Kovu hamna zoezi la ubongo litalisafisha, huyo wa kiklipu anachanganya mambo makusudi. Ila kuona mwanga na kivuli siyo kitu kidogo, maana yake huko nyuma, retina (utando unaopokea picha) na mshipa unaoipeleka kwenye ubongo, kunaweza kuwa hai. Apimwe vizuri wamwangalie hadi nyuma, kuna wanaofaa kubadilishiwa konea na kuna wasiofaa, hilo siwezi kusema bila kumuona. Hapa Dodoma anaweza kuanzia kitengo cha macho hospitali ya Mvumi, au hospitali ya Benjamin Mkapa.


mwl_nukta6:
Naombeni niingie hapo kwa mdogo wake. Mimi sioni tangu utotoni, nilisoma shule ya wasioona Buigiri pale Chamwino, sasa ni mwalimu. Haya nawasikia kupitia simu inayonisomea na ninajibu kwa kuongea, kama kuna neno limekaa vibaya ni la simu siyo langu.

Mzee, kabla hujampeleka mdogo wako mwambie habari ya Mike May, Mmarekani. Akiwa na miaka 3, mwaka 1957, alilipukiwa na kemikali, jicho moja likapotea, la pili konea ikaharibika. Umri uleule wa mdogo wako, na sehemu ileile ya jicho. Akakua kipofu, akafanya kazi, akaoa, akawa anateleza kwenye theluji kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa akifuata sauti ya mwenzake anayemwongoza. Mwaka 2000, ana miaka 46, baada ya kupandikiziwa seli, wakamwekea konea mpya jicho lililobaki. Plasta ikatolewa, akaona. Hapo kwenye kiklipu ndo wangeweka muziki wakamaliza.

Kilichofuata ndo chenyewe. Rangi alizipata palepale, kitu kinachotembea alikiona, mpira aliudaka. Lakini sura ya mtu ilikuwa kwake mafumbo, mke wake na wanae hakuwatambua kwa uso, alitazama nywele, mwendo, nguo. Ngazi aliona ni mistari tu, hakujua zinapanda au zinashuka mpaka aguse. Na kwenye theluji alikotamba miaka yote, mwanzoni alikuwa anafumba macho ili ateleze vizuri, kuona kulimtisha. Jicho lilikuwa zuri, wataalamu walilipima. Ubongo ndo ulikuwa umeshagawa mashamba kwa wengine miaka 43.

Wahindi nao wana mradi unaitwa Prakash, ulianzishwa na Pawan Sinha wa chuo cha MIT, Marekani, unatafuta watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho wakakaa vipofu miaka kwa kukosa upasuaji. Mwaka 2011 wakatoa habari za watano, wa miaka 8 hadi 17. Siku moja mbili baada ya upasuaji wanapewa kidude mkononi wakiwa hawakioni, wakiguse, halafu wanaonyeshwa viwili wachague kile walichoshika. Wanabahatisha. Macho yameona, mkono umejua, ila hawa wawili hawajawahi kusalimiana. Baada ya siku chache tu tena bila kufundishwa na mtu wanaanza kuweza. Kwahiyo hata mtoto wa miaka 17 kuna kitu kinaamka, na kuna ambacho hakikai sawa, ukali wa kuona mara nyingi unabaki nyuma.

Sisemi asiende. Aende. Ila aende anajua kwamba siku ya kutoa plasta ndo darasa la kwanza, asije akaona ngazi kama mistari akadhani amelaaniwa.


chapati_ya_jana:
Mwalimu umenifanya niache kula. Kwani hayo mashamba yaligawiwa nani?


mwl_nukta6:
Vidole, na masikio. 1996 Sadato na wenzake waliwaweka vipofu wanaosoma nukta nundu kwenye mashine ya kuangalia ubongo, sehemu ya nyuma ya kichwa ambayo kwa ninyi ni ya kuonea ikawa inafanya kazi wakati wanapapasa karatasi. Halafu 2000 ikaandikwa habari ya mama mmoja kipofu wa kuzaliwa, msomaji mzuri wa nukta nundu, akapata kiharusi kikapiga hukohuko kisogoni pande zote mbili. Vidole vyake vilihisi kila nukta, akaweza kukwambia hiki laini hiki kinakwaruza, ila kusoma kukaisha. Mpaka leo nikisoma huwa najishika kisogo, tabia ya kijinga tu.

Na masikio ndo hivi. Yupo Daniel Kish, macho yote yalitolewa kabla hajafikisha miaka miwili kwa saratani, anapiga ulimi "ta" halafu anasikiliza mwangwi, anajua hapa ukuta, hapa nguzo, hapa gari limepaki. 2011 wakampima kwenye mashine, mwangwi unafanya kazi kulekule kisogoni. Na siyo yeye peke yake mwenye kipaji, Uingereza walifundisha watu kwa wiki 10, wanaoona na wasioona, mkubwa wao alikuwa na miaka 79, wote wakasogea. Hii haihitaji konea wala laki tatu na nusu.


mama_wa_kondoa:
Jamani mbona mnaongelea watoto na vipofu tu, mama yangu aliona vizuri miaka 67 akapata kiharusi mwaka juzi, mkono ukarudi mguu ukarudi ila upande wa kushoto haoni, macho yote mawili, yaani siyo jicho la kushoto ni UPANDE wa kushoto, ukimwekea bakuli la mlenda kushoto anakula ugali mkavu analalamika hamjapika mboga, akipita mlangoni bega la kushoto linagonga fremu kila siku mpaka likawa jeusi, tukadhani amechanganyikiwa tukamwombea, miezi minne hiyo. Kuna mtaalamu wa mazoezi akatuambia hiyo sehemu ya picha imekufa kwenye ubongo lakini kichwa na macho anaweza kuyafundisha yaende kuitafuta. Akatupa kazi, kwenye Biblia yake tukabandika utepe mwekundu pembeni kushoto, hasomi mstari mpaka ageuke auone utepe. Tukawa tunapanga vizibo vya soda mezani anavikusanya kuanzia kushoto, wajukuu wanamwekea saa. Mwanzo alikuwa anatukana. Sasa hivi akiingia chumbani kichwa kinaenda kushoto chenyewe kama kuku anasikiliza kitu, bega limepona. Picha haijarudi ukimfunika kichwa asigeuke bado haoni, ila mlenda anauona.


nesi_wa_kliniki:
Mama wa Kondoa hiyo ya vizibo naiba naipeleka kliniki kesho 😂 Na umeeleza vizuri kuliko mimi, kuna kurudisha kuona na kuna kufundisha kilichobaki kifanye kazi ya wawili. Hata wazee ambao katikati ya retina imeharibika tunawafundisha kutazama kwa pembeni kidogo ya kitu, wakizoea wanasoma tena majina kwenye simu, kwa maandishi makubwa.


mzee_wa_nkuhungu:
Wakuu narudi na majibu, imepita miezi mitatu na wiki. Binti alikaa na miwani wiki nane, akapanda 6/18 bila kufunika. Hospitali nyingine hii, daktari mama mmoja mpole, akasema sasa funika masaa 2. Tunafunika jioni akishaoga maana mchana kwa joto hili plasta inatoka na jasho ngozi ikavimba kidogo, tunaibandua kwa mafuta ya kula. Kazi yake ya masaa mawili ni kutoa mawe kwenye mchele na kutunga shanga, siku za kwanza alilia, mawe tukala sisi 😅 Juzi kapimwa, 6/12. Wiki iliyopita kaniambia "baba jicho la akiba limesoma jina la basi".

Mdogo wangu kapimwa pia. Jicho la kulia wamesema nyuma hakuna matumaini, la kushoto wanataka kipimo kingine kwanza, tumepangiwa tarehe. Nimemsomea habari ya Mike May yote. Alinyamaza sana, halafu hakuuliza ya macho, akauliza ya ulimi. Anasema mbona yeye akipita karibu na ukuta wa shule anapiga ulimi siku zote, alijua ni tabia mbaya, mama alikuwa anamchapa akiwa mdogo aache. Mwalimu, mdogo wangu anauliza aanzie wapi kufanya kitaalamu.


mwl_nukta6:
Alichapwa akaendelea, basi huyo amenizidi mimi. Chumba kiwe kimya, zima redio na feni. Akae kwenye stuli, mtu ashike sinia mbele ya uso wake kama urefu wa mkono, apige "ta" fupi kavu, asikilize, sinia liondolewe, apige tena, asikie tofauti. Akiweza, sinia liende kushoto au kulia aseme liko wapi. Asiburute ulimi, mlio mrefu unafunika mwangwi. Dakika 20 zinatosha akichoka masikio yanadanganya. Mshika sinia asipumue kwa nguvu wala asivae bangili, atamjua kwa hizo.


mzee_wa_nkuhungu:
Tumeanza jana. Mshika sinia ni binti, ana plasta jicho moja, kavua bangili zote. Baba yake mdogo kapatia 7 kwenye 10, yeye anasema ni 6 kwa sababu moja kasikia mtoto anacheka.